Jibu kwa dada wa Tanga: kwa nini bajeti ya jeshi la Marekani haishuki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu yuko Texas, ana makaratasi ya ukaazi, na mwaka huu ameingia jeshi la Marekani ili apate uraia haraka na asomeshwe chuo. Kwenye kundi letu la familia nilimuuliza: inakuwaje nchi yenye jeshi la gharama namna ile ina watu wanaochangishana mtandaoni ili walipie matibabu? Akanijibu kwamba hayo ni maneno ya wapinga vita, watu wa mrengo wa kushoto wasioijua dunia. Baba akatuambia sote tunyamaze. Naomba kujua, hao wapinga vita wanasema nini hasa? Na kama wana hoja, mbona bajeti haishuki, awe Obama, awe Trump, awe Biden?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yenu alifanya la busara, ila swali lako bado halijajibiwa. Kumtaja mtu mrengo wake hakujawahi kuwa jibu la hoja yake.

Hoja hii ina wazee wake, na mmojawapo hakuwa wa kushoto hata kidogo. Dwight Eisenhower alikuwa jenerali wa nyota tano, ndiye aliyeyaongoza majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944, kisha akawa rais kwa tiketi ya Republican. Tarehe 16 Aprili 1953, hata miezi mitatu hajamaliza Ikulu, alisimama mbele ya wahariri wa magazeti mjini Washington akawapigia hesabu kama mwenye duka anayefunga daftari jioni. Ndege moja kubwa ya mabomu, alisema, ni shule ya kisasa ya matofali katika miji zaidi ya 30. Au ni mitambo miwili ya umeme, kila mmoja ukitosha mji wa watu 60,000. Au ni hospitali mbili nzuri zenye vifaa vyote. Na kila bunduki inayotengenezwa, akasema, mwisho wake ni wizi kwa wenye njaa wasiolishwa.

Wapinga vita wa leo wanaipiga hesabu ileile. Zilizobadilika ni tarakimu. Kwa takwimu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa jeshi. Hiyo ni asilimia 37 ya pesa zote za kijeshi duniani, na inazizidi nchi tisa zinazoifuata ukizijumlisha pamoja, China na Urusi zikiwemo. Kwa kipimo cha kwetu: bajeti nzima ya serikali ya Tanzania kwa 2024/25, kuanzia mishahara ya walimu mpaka reli na madeni, ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Jeshi la Marekani peke yake lilikula kama mara 50 ya hiyo.

Turudi kwa mzee. Tarehe 17 Januari 1961 Eisenhower aliwaaga wananchi kwa televisheni, akawaonya juu ya ushirika wa jeshi na viwanda vya silaha, kwamba unaweza kujipatia nguvu serikalini ambazo hakuna aliyeupigia kura. Hotuba hiyo inanukuliwa kila kona. Lisilotajwa sana ni kwamba siku ileile, saa chache kabla hajakaa mbele ya kamera, Patrice Lumumba alipigwa risasi usiku porini, karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya sasa. Waliofyatua ni askari wa Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, maofisa wa Kibelgiji wakiwa pale pale. Lakini mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilifichua kwamba CIA nayo ilikuwa na mpango wake: mkemia wake, Sidney Gottlieb, alisafiri mpaka Léopoldville, Kinshasa ya sasa, na sumu ya kumuua Lumumba. Kamati ikaona ushahidi uliopo unatosha mtu kuamini kwamba idhini ilitoka kwa Eisenhower mwenyewe. Sumu haikutumika, waliomuua walitangulia.

Sikusimulii haya ili umwone Eisenhower mnafiki. Nataka uone kwamba aliyeijua mashine kuliko wote, akaitaja hatari yake kwa jina, ndiye huyohuyo aliyekuwa ameshika usukani. Wapinga vita makini hawasemi kwamba Washington imejaa watu wenye roho mbaya. Wanasema mashine yenyewe imeundwa hivi kwamba dereva yeyote atakayepanda, itaelekea kulekule. Ndiyo maana swali lako la pili ndilo gumu.

Kabla ya hapo kuna mzee wa pili, Martin Luther King. Sisi tunamkumbuka kwa ndoto yake ya 1963, lakini tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside, New York, alitoa hotuba iliyompotezea marafiki wengi. Alisema alikuwa akizunguka mitaa ya watu weusi akiwaambia vijana kwamba bunduki na petroli havitatatua shida zao, nao wakamuuliza: na Vietnam je? Si serikali yetu inatatua mambo yake kwa bunduki? Akakosa la kuwajibu. Alizungumzia pia vijana weusi na weupe wanaoonekana kwenye televisheni wakiua na kufa pamoja kwa ajili ya nchi iliyoshindwa kuwakalisha darasa moja. Mwaka huohuo alitaja hesabu yake: dola 322,000 kwa kila adui anayeuawa Vietnam, na dola kama 53 kwa kila maskini ndani ya Marekani katika mpango wa serikali wa kupambana na umaskini. Magazeti makubwa yalimshambulia, na NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, kikajitenga na msimamo wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Aprili, akauawa Memphis.

Hapo ndipo ulipozaliwa ukosoaji wa mrengo wa kushoto kama tunavyoujua leo. Wapo wapinga vita wa kulia pia, mtu kama Ron Paul, wanaotaka jeshi lipunguzwe ili kodi ishuke na serikali ijifungie mambo yake. Wa kushoto wanataka pesa ileile ihamie kwenye hospitali, shule na nyumba.

Sasa, mbona haishuki?

Twende Lima. Si Lima ya Peru, ni mji mdogo wa Ohio wenye kiwanda cha serikali kinachotengeneza vifaru vya Abrams. Mwaka 2012 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Ray Odierno, aliliambia Bunge la Congress kwamba jeshi halihitaji vifaru vingine kwa wakati ule. Vilikuwapo vya kutosha na zaidi; vifaru zaidi ya 2,000 vilikuwa vimeegeshwa tu California, safu kwa safu, juani. Jeshi lilitaka kiwanda kipumzike miaka michache ili liokoe pesa. Bunge likakataa, likatoa mamia ya mamilioni ya dola vifaru viendelee kuundwa. Hebu fikiria: mnunuzi anasema sitaki, na mwenye pesa anamlazimisha apokee mzigo. Waliokitetea kiwanda ni maseneta wote wawili wa Ohio, Rob Portman wa Republican na Sherrod Brown wa Democratic. Huyu Brown si mpenda vita. Mwaka 2002 alipiga kura kupinga kuivamia Iraq. Lakini Lima kuna mafundi, mafundi wana wake na waume, na wote wanapiga kura.

Watengenezaji wa silaha wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndege ya kivita ya F-35 ina wauzaji wa vipuri katika majimbo zaidi ya 45 kati ya 50. Ukiigusa, umegusa ajira karibu kila jimbo. Hata Seneta Bernie Sanders, sauti kubwa kuliko zote za kukosoa matumizi ya jeshi, ameipigia kelele ndege hiyo kwa gharama zake, kisha akaunga mkono iletwe Burlington, Vermont, jimboni kwake. Zilitua Septemba 2019, na wakazi wengi wa pale walikuwa wamezipinga kwa sababu ya kelele. Alieleza kwamba kama ndege zimeshanunuliwa na lazima zikae mahali, bora zikae Vermont. Mimi sioni unafiki hapo. Naona jinsi wavu ulivyosukwa. Hata samaki anayeulalamikia yumo ndani.

Julai 2020, corona ikiwa imepamba moto na watu wamefukuzwa kazi kwa mamilioni, Sanders alipendekeza bajeti ya jeshi ikatwe asilimia 10 tu. Seneti: 23 waliunga mkono, 77 walikataa. Baraza la Wawakilishi, lililokuwa chini ya Democratic: 93 kwa 324. Miaka miwili baadaye Biden alipopeleka ombi lake la bajeti ya jeshi, Bunge lilimuongezea kama dola bilioni 45 ambazo hakuziomba. Kwa hiyo ukimuuliza mtu kwa nini rais hapunguzi, mwambie kwanza aangalie nani anaongeza.

Kuna na mlango wa nyuma. Leo mtu ni jenerali, kesho yumo kwenye bodi ya kampuni ya silaha, keshokutwa anarudi serikalini. Lloyd Austin alistaafu ujenerali, akakaa kwenye bodi ya Raytheon, kisha mwaka 2021 akawa Waziri wa Ulinzi wa Biden. Hakuvunja sheria yoyote. Bunge lilimpa hata kibali maalumu, maana muda uliotakiwa tangu avue sare ulikuwa haujatimia.

Na pesa zenyewe hazina mwenyewe wa kuzihesabu. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, ilifanyiwa ukaguzi kamili kwa mara ya kwanza mwaka 2018 ikafeli, na ikaendelea kufeli kila mwaka mpaka ukaguzi wa saba, wa 2024. Mwaka huo wa 2024 mkaguzi wa ndani alikuta kwamba vile vikopo vya ukutani vya kutolea sabuni ya maji, kwenye choo cha ndege ya mizigo ya C-17, vilinunuliwa kwa zaidi ya mara 80 ya bei ya vikopo kama hivyo madukani. Kwa sabuni tu, ziada ilikuwa dola 149,072. Wewe ni mtu wa Tanga, unazijua stakabadhi za "chakula cha wageni" kwenye ofisi zetu. Huu ni ugonjwa uleule, ila umelala kitanda kikubwa zaidi.

Sababu ya mwisho ya bajeti kutoshuka ni kwamba Mmarekani wa kawaida havisikii vita vyake. Kuandikishwa jeshini kwa lazima kulikoma 1973. Vita vya Afghanistan na Iraq vilipiganwa kwa mkopo, tena Rais Bush, aliyekwisha kupunguza kodi mwaka 2001 kabla ya vita, akaipunguza tena 2003, vita vikiendelea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria mwaka 2021 kwamba vita vya baada ya Septemba 11 vimegharimu dola trilioni 8, pamoja na matibabu ya maveterani kwa miaka ijayo, na watu wapatao 900,000 wamekufa moja kwa moja kwa mapigano. Hakuna raia aliyeletewa ankara mlangoni.

Kwa katiba yao, mwenye mamlaka ya kutangaza vita ni Bunge. Mara ya mwisho kuyatumia ilikuwa 1942. Korea, Vietnam, Iraq, Afghanistan: hakuna hata kimoja kilichotangazwa. Agosti 1964 Bunge lilimpa Rais Johnson idhini ya kufanya atakavyo Vietnam, Wawakilishi 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Tarehe 14 Septemba 2001, moshi wa New York haujatulia, likaandika maneno 60 yanayomruhusu rais kuwapiga waliohusika na shambulio la siku tatu nyuma na waliowahifadhi. Seneti 98 kwa sifuri. Wawakilishi 420 kwa moja.

Yule mmoja ni Barbara Lee, mwanamke mweusi kutoka Oakland, California. Alisimama sauti ikitetemeka, akasema idhini ile haina mipaka, na akawaomba wenzake wasije wakageuka kuwa uovu uleule wanaouchukia. Alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa polisi wa kumlinda. Sasa sikiliza hili, maana linatugusa. Mwaka 2001 al-Shabaab haikuwepo. Lakini mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama ilitangaza kwamba maneno yale 60 yanaihusu al-Shabaab pia, na mashambulizi ya droni Somalia yakapata kivuli cha sheria, Trump akayazidisha. Kambi ya Manda Bay, kule Lamu, iliposhambuliwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu wakafa, mmoja askari na wawili raia waliofanya kazi za jeshi kwa mkataba. Wananchi wengi wa Marekani siku ile ndiyo walijua wana askari Lamu.

Sisi pia tulionja mapema. Waliokuwa Dar na Nairobi Ijumaa ile ya 7 Agosti 1998 hawahitaji kusimuliwa. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 Dar, wengi mno wakiwa wapita njia na wafanyakazi wetu. Siku 13 baadaye Clinton alijibu kwa makombora, mengine yakaangukia kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kilichokuwa kikiwatengenezea Wasudani sehemu kubwa ya dawa zao. Walisema ni kiwanda cha gesi ya sumu, na ushahidi waliouonyesha ulikuwa udongo uliochotwa karibu na pale. Haukuthibitika, na fidia haikulipwa. Damu ya Nairobi ilitumika kuhalalisha kuwanyima dawa watoto wa Khartoum, na hakuna mtu wa Nairobi aliyeulizwa kama ndivyo alivyotaka.

Yemen sitaiacha, kwa kuwa Tanga na Mombasa zina nyumba nyingi zenye babu wa Hadhramaut. Tarehe 9 Agosti 2018 ndege za muungano ulioongozwa na Saudia zilipiga basi la wanafunzi sokoni Dahyan, mkoa wa Saada. Watoto 40 walikufa. Vipande vya bomu vilivyookotwa, wataalamu wa silaha walivitambua kuwa ni vya bomu la Kimarekani. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha azimio la kuacha kuwasaidia Wasaudia katika vita ile, wa kushoto na baadhi ya wa kulia wakishikana mikono. Trump akalipiga kura ya turufu.

Nisiwapake mafuta wapinga vita, maana nao wana madoa. La kwanza ni hesabu. Utaona michoro yao ikionyesha jeshi linakula nusu ya bajeti. Ile ni nusu ya fungu ambalo Bunge hulipigia kura kila mwaka. Ukiweka pensheni za wazee na matibabu yao, jeshi linakuwa kama asilimia 13. Na ukipima kwa uchumi wote, leo ni asilimia tatu na kitu, wakati wa Vietnam ilikaribia tisa. Hoja yao ina nguvu ya kutosha bila kuitia chumvi.

La pili ni zito zaidi: Rwanda, 1994. Hapo shutuma kwa Marekani ni kwamba haikufanya kitu. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa kileleni, Baraza la Usalama lilipunguza askari wa Umoja wa Mataifa mpaka 270, Washington ikiwa mbele kutaka hivyo, na kwa wiki kadhaa maofisa wake walilikwepa neno "mauaji ya kimbari". Mpinga vita akikwambia Marekani ikae nyumbani tu, muulize kuhusu Kigali. Atakujibu kwamba bajeti kubwa haikuwaokoa Wanyarwanda, na hilo ni kweli, lakini ni jibu la nusu. Vilevile Ukraine. Oktoba 2022 wabunge 30 wa mrengo wa kushoto walimwandikia Biden wakimtaka aongeze juhudi za mazungumzo; kelele zilipozidi wakaiondoa barua siku iliyofuata. Wanajua vizuri kusema hapana kwa vita ambavyo nchi yao imeanzisha. Vita vilivyoanzishwa na mwingine bado vinawapiga chenga.

Sasa mdogo wako. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu. Angalia alichopewa: matibabu, pesa ya nyumba, ada ya chuo. Hayo ndiyo hasa wanayoyadai wapinga vita wa kushoto kwa kila Mmarekani. Yeye ameyapata kwa serikali kupitia mlango pekee ambao Bunge halijawahi kuuonea uchungu wa pesa.

Na uraia wake wa haraka una historia ambayo huenda hajaambiwa. Wakati wa amani, askari mgeni hutakiwa atumikie mwaka mzima kabla ya kuomba. Wakati wa vita, anaweza kuomba mapema zaidi. Julai 2002 Bush alitia saini amri kwamba kuanzia 11 Septemba 2001 nchi iko katika kipindi cha mapambano, na kwamba kipindi hicho kitafungwa tarehe itakayotajwa na rais kwa amri nyingine. Obama alikaa miaka minane, Trump akaja na minne yake, Biden na minne yake, na kati yao hakuna aliyeitaja. Muulize mdogo wako kama alilijua hilo alipokuwa akijaza fomu. Ila mpigie simu, msimsumbue tena mzee kwenye kundi.